Kamba Hukatikia Pembamba: Historia Fupi ya Chuma Chembamba, Kutoka Malungu ya Ufipa Hadi Paa la Shule

Ndugu zangu mliosoma hapa zamani, nanyi wanafunzi mlioko madarasani leo,

Kila tukutanapo kukumbushana ya zamani, mazungumzo hayachukui muda mrefu kabla ya kufika kwenye majengo. Mmoja huulizia bweni alilolala, mwingine hutazama dari la ukumbi na kutikisa kichwa. Halafu daftari la michango hufunguliwa, fundi huitwa, makisio huletwa mezani, na hapo ndipo ubishi huanza. Wako wasemao: "Mbona chuma alichoandika ni chembamba hivi? Paa la watoto hilo!" Na wako wajibuo: "Kinatosha, tena ni bei nafuu, tuendelee."

Kwa maoni yangu pande zote mbili hukosea, kwa sababu zote hutazama unene peke yake. Makala haya yanajaribu kulijibu swali hilo kwa njia ya historia. Na historia yenyewe haina haja ya kuanzia Ulaya, maana Ufipa si nchi ngeni kwa chuma.

MALUNGU YA WAZEE WETU

Atembeaye katika wilaya ya Nkasi na sehemu nyingine za nyanda zetu huweza kuyakuta hadi leo magofu ya matanuri ya udongo yaliyosimama kimya porini. Moja huitwa ilungu, mengi ni malungu. Yalijengwa kwa udongo mgumu, mara nyingi kando ya vichuguu, na kimo chake ni kama mita 3, yaani karibu mara mbili ya kimo cha mtu. Ajabu yake ni kwamba hayakuhitaji mivukuto. Chini ya tanuri palikuwa na matundu yaliyotiwa mabomba ya udongo. Moto ulipokolea, hewa ya moto ilipanda juu kwa nguvu yake yenyewe na kuvuta hewa mpya kupitia matundu yale, kama vile bomba la moshi linavyovuta. Kimo cha tanuri ndicho kilichokuwa mvukuto wake.

Chuma kilichotoka humo hakikuwa safi. Kilikuwa bonge lililochanganyika na taka, na lilipaswa kuyeyushwa tena katika tanuri dogo liitwalo kintengwe, ambalo lilivukutwa kwa mivukuto ya mikono. Baada ya hapo ndipo mhunzi alipopata kipande cha kufulia jembe, shoka au mkuki. Profesa Bertram Mapunda, aliyefanya uchunguzi wa kiakiolojia Ufipa katika miaka ya 1990, alionyesha kwamba malungu hayakuwa ufundi pekee wa eneo hili. Kandokando ya Ziwa Tanganyika palikuwa pia na matanuri mafupi ya aina nyingine, yaitwayo katukutu. Basi elimu ya chuma hapa ilikuwa ya matawi mengi.

Jambo la kukumbuka ni gharama. Kwa ajili ya majembe machache miti mingi ilikatwa ikawa makaa, mawe yalichimbwa na kubebwa kwa vichwa, na watu walikesha kulinda moto kwa siku kadhaa. Kwa hiyo mhunzi hakuwa na chuma cha kuchezea. Kila kipande kilipaswa kufanya kazi kubwa kuliko uzito wake, na tunaona namna alivyofanya hivyo katika mikuki mingi ya nchi zetu. Bamba la mkuki ni jembamba, lakini katikati yake, tangu ncha hadi shina, pameinuka mgongo. Ukiuondoa mgongo ule, bamba litapinda kama jani. Kwa mgongo ule, chuma kidogo kinasimama wima na kupenya. Mhunzi hakuandika kanuni yoyote ya hesabu, ila aliijua kazi ya umbo.

Uyeyushaji huo ulififia katika enzi ya ukoloni, majembe ya kiwandani yalipoletwa kwa wingi na kuuzwa rahisi. Malungu yakazimika, lakini somo lake halikuzimika.

BATI NA BORITI

Somo hilohilo la mgongo tunaliona kila siku juu ya vichwa vyetu. Chukua karatasi ya bati lililonyooka, ulishike upande mmoja. Litalegea na kuning'inia. Lifinyange mawimbi, na sasa litavuka nafasi ya kutoka papi hadi papi bila kulegea. Chuma hakikuongezwa hata kidogo. Kilichoongezwa ni kimo cha wimbi. Mhandisi Henry Robinson Palmer wa London alipewa hataza ya bati la mawimbi mwaka 1829, na tangu hapo bati hilo limesafiri hadi vijiji vya mbali vya dunia.

Boriti ya chuma nayo ilifuata njia hiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1840, huko Ufaransa, viwanda vilianza kukibana chuma cha moto kati ya magurudumu mazito na kukitoa kikiwa na umbo la herufi I: bamba juu, bamba chini, na ukuta mwembamba katikati. Mwaka 1856 Henry Bessemer wa Uingereza alitangaza njia yake ya kutengeneza chuma cha pua kwa wingi, na kabla ya karne ile kwisha boriti za chuma cha pua zilikuwa zikiuzwa kama mbao zinavyouzwa.

Tatizo likawa kwamba kila kiwanda kilikuwa na vipimo vyake. Mwaka 1901 wahandisi wa Uingereza waliunda kamati ya viwango, na moja ya kazi zake za kwanza ilikuwa kupunguza aina za vyuma vya ujenzi kutoka 175 hadi 113. Ndiyo maana mhandisi leo, awe Sumbawanga au Dar es Salaam, huweza kufungua jedwali na kusoma uwezo wa chuma kabla hajakinunua. Jedwali lile ni urithi mkubwa kuliko wengi wanavyodhani.

KWA NINI UMBO LASHINDA UZITO

Wanafunzi wa fizikia, hapa ndipo mahali penu. Boriti inapobebeshwa mzigo hupinda kidogo. Upande wa juu hubanwa, upande wa chini huvutwa, na katikati karibu hapafanyi kazi. Basi mwenye busara hukiondoa chuma katikati na kukipeleka juu na chini, mbali iwezekanavyo. Mwanzi hufanya hivyohivyo: ndani ni mtupu, nje ndiko kwenye nguvu.

Tuchukue mfano wa boriti ndogo ya umbo la I iitwayo IPE 100 katika majedwali ya Ulaya. Kimo chake ni milimita 100, upana wake milimita 55, ukuta wake wa katikati una unene wa milimita 4.1 tu, na kila mita moja ina uzito wa kilo 8.1. Chuma hichohicho, kwa uzito uleule, ukikifua kuwa fimbo ya mraba, kila upande utakuwa na sentimita 3.2 hivi. Mtu asiyejua atasema fimbo ile imara zaidi kwa kuwa ni nene. Hesabu inasema vingine: boriti yenye umbo la I hustahimili mzigo wa mara 6 ya ule wa fimbo, na hukataa kupinda mara 19 zaidi. Lakini ilaze boriti hiyohiyo ubavu, na ukaidi wake wa kupinda hushuka hadi sehemu moja tu ya 11. Chuma ni kilekile. Kilichobadilika ni jinsi ulivyokiweka.

Faida nyingine ya chuma kidogo sisi wa Rukwa tunaijua kwa mabega yetu. Kipande cha IPE 100 chenye urefu wa mita 6 kina uzito wa kilo 49 hivi. Watu wawili hukibeba na kukipandisha ukutani bila winchi. Katika mkoa ambao barabara yake ya kutoka Tunduma hadi Sumbawanga ilitiwa lami katika miaka ya 2010 tu, na ambao vijiji vyake vingi viko mbali na lami hiyo, jambo hilo si dogo.

MELI ILIYOKUJA KATIKA MASANDUKU

Atakaye ushahidi kwamba vipande vidogo vinaweza kufanya jambo kubwa na ashuke ziwani. Meli ya Liemba, ambayo kwa miaka mingi ilihudumia bandari zetu za Kirando, Kipili na Kasanga, iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikiitwa Graf von Goetzen. Meli yenye urefu wa mita 71 hivi haikuweza kupandishwa reli. Kwa hiyo ilifunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam na kisha kwa reli hadi Kigoma. Huko ikaunganishwa upya kwa ribiti, na mwezi Februari 1915 ikaingia majini.

Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe ili isitekwe. Mwaka 1924 Waingereza waliiinua kutoka majini, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Meli za wakati ule zilijengwa kwa mbavu: vyuma vya pembe vilivyopangwa karibu karibu, kila kimoja kikiwa kidogo ukikilinganisha na meli nzima, na mabati mazito yakafungwa juu yake. Ubavu mmoja peke yake usingeyazuia mawimbi ya ziwa hata siku moja. Mbavu zote, zikiwa zimefungwa imara, zilikaa miaka chini ya maji na kuinuka tena.

Kenchi ya paa hufuata siri hiyohiyo. Vyuma vya pembe vidogo hupangwa kwa pembetatu, kimoja kikivutwa na kingine kikibanwa, na vyote kwa pamoja huwa na kimo cha mita nzima au zaidi. Hivyo ukumbi mpana hufunikwa kwa vyuma ambavyo mtu mmoja huweza kuvishika kimoja kimoja.

HATARI ZA CHUMA KIDOGO

Nisieleweke vibaya. Sijasema chuma chembamba kinatosha kila mahali. Nimesema kinatosha kikiwa mahali pake, na kina hatari zake nne ambazo chuma kinene huzivumilia zaidi.

Ya kwanza ni kupinda kabla ya kuvunjika. Chukua boriti inayovuka mita 3, kisha uivushe mita 6 bila kubadili mzigo wa kila mita. Wengi hudhani itapinda mara mbili. La, itapinda mara 16. Dari litapasuka na maji ya mvua yatatuama juu ya paa, hata kama chuma chenyewe hakijakatika. Wala dawa si kurundika viwili ubavu kwa ubavu. IPE 100 mbili zina uzito wa kilo 16.2 kwa mita. IPE 160 moja ina kilo 15.8, lakini hukataa kupinda mara mbili na nusu kuliko zile mbili pamoja. Afadhali kimoja kirefu cha kimo kuliko viwili vifupi.

Ya pili ni kujipindua ubavuni. Upande wa boriti unaobanwa, ukiwa mwembamba na mrefu, hutafuta njia ya kukimbia pembeni, kama rula ya plastiki unapoisukuma ncha zake mbili. Ni lazima ushikwe kila baada ya nafasi fulani.

Ya tatu ni upepo, na hapa husahauliwa na wengi. Tunadhani paa hubeba uzito wa kwenda chini. Lakini mita mraba moja ya bati jembamba haifiki hata kilo 5. Upepo wa kasi ya kilomita 108 kwa saa, hata katika hewa nyepesi ya Ufipa, mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, una msukumo wa karibu kilo 45 hadi 50 kwa kila mita mraba, na mara nyingi juu ya paa msukumo huo ni wa kuvuta kwenda juu. Hapo kazi hugeuka: upande wa chini wa boriti, uliokuwa ukivutwa, sasa unabanwa. Na upande huo wa chini haukushikwa na bati wala na kitu chochote. Ndipo paa jepesi linapong'oka zima na kutua shambani, na watu wakasema ni mkosi.

Ya nne ni kutu. Ukuta wa milimita 4 ukiliwa milimita moja kila upande umebaki nusu. Chuma kinene hupoteza kidogo kwa mia; chembamba hupoteza maisha yake.

TETEMEKO LA 1910

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Tarehe 13 Desemba 1910 nchi yetu ya Rukwa ilitikiswa na tetemeko ambalo wataalamu wamelikadiria kuwa na ukubwa wa 7.4, mojawapo ya makubwa kabisa yaliyorekodiwa Afrika ya Mashariki katika karne ya 20. Wanajiolojia wamelihusisha na ufa wa Kanda, upitao juu ya nyanda za Ufipa karibu na Sumbawanga yenyewe. Wakati ule majengo makubwa ya kuta nzito yalikuwa machache hapa. Watu wengi waliishi katika nyumba za miti, udongo na nyasi. Leo tuna madarasa, mabweni, makanisa na zahanati za matofali ya kuchoma, na ndani yake wamo watoto kwa mamia. Ufa haukuhama. Waliohama ni sisi, tulioziacha nyumba nyepesi na kuingia katika nzito.

Tusiseme hayo ni mambo ya kale. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9, dogo sana kuliko la 1910, liliipiga Kagera. Watu walipoteza maisha, na shule kongwe za Ihungo na Nyakato ziliharibika vibaya. Wenzetu waliosoma huko walishuhudia mahali pa kumbukumbu zao pakigeuka kifusi.

Katika tetemeko, chuma chepesi juu ya paa ni rafiki, kwa sababu kitu chepesi hakina nguvu ya kuziangusha kuta kinapotikiswa. Lakini urafiki huo una sharti moja: kiwe kimefungwa. Boriti iliyolazwa tu juu ya tofali, bila bolti, bila linta inayozunguka jengo zima na kuzishika kuta pamoja, itateleza na kushuka pamoja na bati lake, na ukuta uliokosa mshiko kichwani utafuata. Kiungo, si chuma, ndicho kitakachoamua. Wahenga walisema kamba hukatikia pembamba, nao hawakuwa wakizungumzia kamba pekee.

TUULIZE NINI?

Basi siku daftari la michango litakapofunguliwa tena, tusibishane juu ya unene. Tuulize haya:

(a) Boriti inavuka nafasi ya mita ngapi, na kimo chake ni kiasi gani? Ipo hesabu iliyoandikwa, au ni makisio ya macho?

(b) Ni nini kinachoizuia isijipindue, mzigo ukiwa wa kwenda chini na upepo ukiwa wa kwenda juu?

(c) Imefungwa vipi kwenye linta, na linta imefungwa vipi kwenye ukuta?

(d) Nani ataipaka rangi ya kuzuia kutu baada ya miaka mitano, sisi tukiwa tumekwisha kurudi makwetu?

Na mchoro utiwe sahihi na mhandisi aliyesajiliwa. Bodi ya Usajili wa Wahandisi ipo kwa sheria ya mwaka 1997, na ada ya mhandisi ni ndogo kuliko gharama ya paa la pili. Simdharau fundi wetu. Mikono yake ndiyo itakayojenga. Lakini hata mhunzi wa zamani hakuwasha ilungu peke yake: palikuwa na mjuzi aliyeongoza kazi, na kila mmoja alimsikiliza.

Nanyi wanafunzi, mkitoka darasani jioni hii tazameni juu. Ihesabuni kenchi ina pembetatu ngapi. Tafuteni bolti zake. Mkikuta iliyolegea au iliyoliwa na kutu, mwambieni mwalimu wenu leo hii, msingoje tuje sisi wazee na hotuba zetu. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na sisi wa Ufipa, ufa wetu umo ardhini, hatuwezi kuuziba. Tuwezalo ni kuufunga ukuta vizuri kabla ya siku yake.